Kufufua Pikipiki ya Kizamani ya Kiingereza Malindi: Chumvi Kwanza, Rangi Mwisho

BSA, Triumph na Royal Enfield zilizobaki huku Pwani kwa kawaida utazikuta zimelala kwenye banda la makuti au nyuma ya karakana, tairi hazina upepo na tangi limetoboka chini. Ni rahisi kudhani umri ndio uliozimaliza. Pikipiki ya miaka hiyohiyo ikilala Nyeri, nati zake bado zinafunguka. Malindi chuma huliwa na chumvi, na vitabu vya matengenezo vilivyoandikwa Uingereza havigusii jambo hilo kwa sababu havikumlenga fundi anayefanya kazi mita mia tatu kutoka ufukweni.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi hapa ni mwingine: ondoa chumvi, fungua bila kuvunja, washa injini, nyoosha umeme, ndipo uanze kuwaza rangi. Wanaoanza na rangi na kromu huona matokeo baada ya kusi moja tu. Malengelenge hutokea chini ya rangi, na pesa imeshakwenda.

Ipi ununue

Kwa anayeanza, BSA Bantam haina mpinzani. Ilitengenezwa kuanzia 1948 hadi 1971, ikianza na D1 ya cc 123 na kufika cc 173 kwenye D5, D7 na zilizofuata. Injini ni ya mipigo miwili, haina valvu wala pampu ya oili, na hedi inashikwa na nati nne tu. D7, ya 1959 hadi 1966, ina faida moja zaidi: tairi yake ya 3.00-18 hupatikana kwenye maduka ya vipuri vya bodaboda. D1 hutumia rimu za inchi 19, na tairi hizo utazitafuta sana.

Royal Enfield Bullet 350 ni chaguo la pili. Injini yake ya milimita 70 kwa 90 iliendelea kutengenezwa India kwa miongo mingi baada ya kazi kuanza Madras mwaka 1955, kwa hiyo vipuri vingi vipya vipo na bei zake zinavumilika. Si vyote vinavyoingia moja kwa moja kwenye injini ya Redditch, yaani ile iliyotengenezwa Uingereza. Pima kipuri cha zamani kabla ya kuagiza.

Triumph ya cc 650, hasa Bonneville T120, ndiyo ambayo kila mtu anaitamani. Ni pikipiki nzuri na vipuri vyake bado vinatengenezwa Uingereza, lakini injini iliyolala ni lazima ipasuliwe yote hadi krenki. Kama mfuko haujajiandaa kwa hilo, iache.

Kabla ya kutoa hata shilingi, linganisha namba za injini na za fremu na zile zilizo kwenye logibuku. Kwa Triumph ambazo injini na giaboksi zimeundwa pamoja, yaani 650 za kuanzia 1963, namba ya injini na ya fremu zilitoka kiwandani zikiwa sawa. Zikitofautiana, injini au fremu imebadilishwa. BSA nyingi za kabla ya 1967 zilitoka kiwandani na namba mbili tofauti, kwa hiyo tofauti hiyo peke yake si dosari. Kidole kipite juu ya sehemu iliyopigwa namba: pakiwa na bonde la grainda, achana nayo. Logibuku ikiwa imepotea, muuzaji ndiye wa kuhangaika na NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), na ahangaike kabla ya malipo. Ahadi ya “tutamaliza baadaye” imewaachia watu wengi fremu nzuri isiyoweza kutoka uani.

Kuiosha

Ziba mdomo wa kabureta na ekzosi kwa plastiki na kamba. Osha pikipiki nzima kwa maji baridi (yaani yasiyo na munyu), sabuni ya vyombo na burashi laini, bila mashine ya presha, maana presha huingiza maji kwenye beringi za magurudumu. Maji ya visima vingi vya karibu na bahari yana munyu na yataongeza ugonjwa. Tumia maji ya mfereji yanayotoka Baricho, au ya mvua. Kama huna hakika na maji yako, dondosha matone kwenye kioo kisha uyaache juani. Yakiacha ukungu mzito mweupe, tafuta mengine. Rudia kuosha siku ya pili na ya tatu, kwa sababu chumvi iliyo ndani ya kutu haitoki kwa mara moja.

Spana zinazoingia kweli

Hapa ndipo pikipiki nyingi huharibiwa na mafundi wazuri kabisa wa bodaboda. Nati za Kiingereza za zamani si za milimita. Spana zake huandikwa kwa kipimo cha uzi wa Whitworth (W), na upana wa kichwa cha nati ni huu: 3/16W ni milimita 11.3, 1/4W ni 13.3, 5/16W ni 15.2, na 3/8W ni 18.0. Spana ya 13 haiingii kwenye 1/4W, na ya 14 inacheza hadi nati inakuwa duara. Spana malaya hufanya vivyo hivyo, polepole zaidi. Nunua seti ya spana na soketi za Whitworth kabla ya kununua kipuri chochote. Spana iliyoandikwa 5/16BS ni sawa na 1/4W, kwa hiyo usilipie mbili.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye uzi wenyewe. Bolti nyingi za pikipiki hizi zina nyuzi 26 kwa inchi. Bolti ya 5/16 ina unene wa milimita 7.94, hivyo M8 ya dukani itaanza kuingia vizuri, izunguke mara mbili, kisha ikule uzi wote wa alumini kwa sababu M8 ina nyuzi zipatazo 20 kwa inchi. Bolti ikikaza mapema, itoe. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 viwanda vilianza kuhamia nyuzi za UNF, aina nyingine ya uzi wa inchi, kwa hiyo Triumph moja ya miaka hiyo inaweza kuwa na aina mbili au tatu za uzi. Kila bolti iingie kwenye mkebe wenye jina la mahali ilipotoka, na piga picha kwa simu kabla ya kufungua.

Nati iliyoganda, ipake mchanganyiko wa nusu oili ya giaboksi ya otomatiki na nusu asetoni, asubuhi na jioni kwa siku tatu. Asetoni hushika moto upesi, kwa hiyo iache ikauke na ukifute chuma kabla ya kuleta moto wowote. Ikigoma, pasha moto alumini inayozunguka stadi (bolti isiyo na kichwa), usipashe stadi yenyewe: alumini hutanuka zaidi ya chuma na huachia. Bolti ya chuma ndani ya chuma, ipashe kisha gusisha mshumaa kwenye uzi. Nta hunyonywa ndani na kulainisha. Nyundo na patasi ni za mwisho.

Injini iliyokwama

Usipige kiki. Kutu iliyo ukutani mwa silinda itakwaruza pistoni, na vipande vyake vitaingia kwenye beringi za krenki. Toa plagi, mimina mililita 50 za mchanganyiko uleule wa oili na asetoni, ziba, uache siku tatu hadi saba ukiongeza kidogo kila siku. Kisha weka gia ya juu, shika gurudumu la nyuma, na ulitikise mbele na nyuma kwa mkono. Unachotafuta ni mwendo wa milimita moja. Ukiupata, endelea vivyo hivyo bila haraka.

Hata ikizunguka, usiiwashe. Kwa Bantam, toa hedi na silinda, angalia ringi na ukuta. Mstari wa kutu unaokwaruza ukucha unahitaji silinda ichongwe. Nunua pistoni ya saizi kubwa kwanza, uipeleke mkononi kwa fundi wa lethi pamoja na karatasi ya mtengenezaji inayotaja nafasi kati ya pistoni na silinda. Fundi akichonga kabla ya kuiona pistoni, atakuwa anakisia.

Oili sili za krenki za Bantam zibadilishwe bila mjadala, maana mpira wake umekuwa mgumu kama mfupa. Dalili zake ni tofauti upande kwa upande. Sili ya upande wa klachi ikivuja, injini hunyonya oili iliyo upande huo, moshi mweupe haukomi na oili ya giaboksi hupungua. Ya upande wa magneto ikivuja, hewa huingia, mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inakimbia yenyewe bila kutulia na kupata joto hadi pistoni inashika. Watu hulaumu kabureta miezi mingi kwa kosa la sili hiyo.

Taimingi ya D7: pointi (vigusano vinavyokata umeme ili cheche itoke) zifunguke milimita 1.6 (1/16 ya inchi) kabla ya pistoni kufika juu kabisa, na mwanya wa pointi uwe inchi 0.012. Kwa kuwa hedi ni nati nne tu, itoe upime moja kwa moja kwa vernia badala ya kubahatisha kupitia tundu la plagi. Kipande cha karatasi ya sigara kati ya pointi kitakuonyesha wakati hasa zinapoachana.

Kuhusu oili ya kuchanganya na petroli, Malindi ina mtego wake. Kila duka la vifaa vya uvuvi lina oili ya mipigo miwili, lakini nyingi ni TC-W3 ya injini za boti. Injini ya boti hupozwa na maji ya bahari na oili hiyo imetengenezwa kwa joto la chini. Kwenye Bantam inayopozwa na upepo tu, katika jua la Februari, ringi zitaganda kwenye mifereji yake. Tafuta chupa yenye alama ya JASO FB au FC (viwango vya oili ya mipigo miwili), na changanya mililita 40 kwa kila lita ya petroli, yaani 160 kwa lita nne. Plagi, kwa upande mwingine, ni neema ya wavuvi: NGK B7HS inayouzwa kwa injini nyingi za boti inaingia kwenye Bantam, na B6HS pia kama unaendesha taratibu mjini.

Triumph ina mambo yake. Ikisimama kwa muda mrefu, oili hushuka polepole kutoka tangini kupita kwenye pampu hadi ijae chini ya krenki. Ukipiga kiki hivyo, oili itatafuta pa kutokea, na kwa kawaida ni kwenye sili. Fungua plagi ya chini ya krenkesi kwanza, uimwage. Ndani ya krenki kuna bomba la kunasa uchafu ambalo baada ya miaka hujaa tope gumu, na likijaa oili haifiki kwenye beringi za koneti rodi. Halisafishiki bila kupasua injini, na ndiyo sababu ya onyo la hapo juu kuhusu mfuko. Ukifika hapo, kumbuka bolti moja ya flaiwili ndiyo inayolishikilia bomba hilo: itoe kwanza, la sivyo utavuta hadi uchoke. Mwanya wa valvu huwekwa injini ikiwa baridi, inchi 0.002 kwa za kuingiza na 0.004 kwa za kutoa. Taimingi kamili ni digrii 38 kabla ya juu kwa silinda zote mbili. Upande wa cheni ya klachi weka mililita 350 za oili. Klachi iliyolala huwa imegandana. Toa sahani zake zote uzioshe, kwani kulazimisha kwa gia ukiwa barabarani ni kutafuta kuvunja meno.

Kabureta ya Amal, Monobloc au Concentric, huhitaji kufunguliwa yote na kuoshwa. Kwenye Concentric, njia ndogo ya pailoti ndiyo huziba, na hapo injini hukataa kutulia ikiwa imeachiwa. Izibue kwa waya mwembamba wa gitaa usiozidi inchi 0.016. Nati za kuifunga kwenye hedi zikazwe kwa kiasi: zikizidi, mwili wa kabureta hupinda na slaidi hukwama ikiwa wazi. Kukwama huko hutokea ukiwa katikati ya barabara ya Lamu na lori mbele yako.

Tangi

Usichomelee tangi ambalo liliwahi kuwa na petroli, hata likinuka vumbi tupu, mpaka limeoshwa kwa sabuni na maji moto mara kadhaa. Kutu ya ndani huondolewa hivi, nje ya nyumba, mbali na moto na sigara:

1. Osha tangi hadi harufu ya petroli iishe kabisa. Ziba tundu la bomba la mafuta.
2. Jaza maji baridi yenye magadi safi ya unga, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne. Magadi ya mawe ya jikoni huwa na chumvi ndani yake, usiyatumie. Chumvi ya mezani ndiyo mbaya zaidi, kwani hutoa gesi ya klorini.
3. Ingiza kipande cha nondo kupitia mdomo wa tangi, kikiwa kimeshikwa na kizibo cha mpira kilichotobolewa ili kisiguse chuma cha tangi mahali popote. Nondo isiwe ya chuma kisichopata kutu, maana maji yatabaki na sumu ya kromu.
4. Chaja ya volti 12: hasi kwenye tangi, chanya kwenye nondo. Ukibadilisha, tangi ndilo litakaloliwa.
5. Acha saa 12 hadi 24 kwa ampea mbili hadi tano, ukitoa nondo mara kwa mara kuisugua. Kinachopanda kama povu kina gesi ya haidrojeni ndani yake. Zima chaja kabla ya kugusa waya.
6. Mwaga, suuza, kisha suuza tena kwa spiriti ili maji yatoke, na papo hapo zungusha ndani oili ya mipigo miwili. Kwa unyevu wa Malindi, chuma kilichosafishwa huanza kuwa na rangi ya chungwa ndani ya saa moja.

Matundu madogo yataonekana baada ya hapo, kwa sababu kutu ndiyo iliyokuwa imeyaziba. Yazibe kwa kuchomelea shaba, lakini kwanza lioshe tangi tena kwa sabuni na maji moto mara kadhaa hadi spiriti na oili viishe.

Umeme

Mpe fundi umeme wa bodaboda Triumph ya miaka ya 1960 bila maelezo, naye ataunguza rektifaya mchana uleule. Pikipiki hizi nyingi huunganisha chanya ya betri na bodi. Waya mwekundu wa Lucas, mtengenezaji wa vifaa vya umeme vya pikipiki hizi, ndio unaokwenda kwenye bodi. Unaobeba umeme kutoka hasi ya betri kwenda kwenye swichi ni wa kahawia na bluu. Andika kwa rangi ya mafuta chini ya kiti: CHANYA BODI. Balbu za LED za bodaboda nyingi zimeundwa kwa hasi kwenye bodi na hazitawaka. Honi na balbu za kawaida haziulizi.

Chumvi hapa haionekani. Waya unaonekana mzima nje, ndani shaba imekuwa ya kijani. Kata sentimita mbili mwishoni: kama shaba si ya kung'aa, badilisha waya wote. Kila sehemu inayogusa bodi isuguliwe hadi chuma cheupe, ifungwe, kisha ndipo ipakwe grisi juu. Hitilafu nyingi za “koili mbovu” ni mguso wa bodi uliooza. Triumph za volti 12 zina diodi ya zena inayozuia betri kuchajiwa kupita kiasi, nayo hutegemea kipande cha alumini kupoteza joto. Rangi au kutu katikati yake itaiua. Ukibadilisha rektifaya na zena kwa kifaa kimoja cha kisasa, hakikisha kinakubali chanya kwenye bodi.

Magneto za Lucas kwenye injini za zamani zaidi hukataa zikiwa moto: pikipiki inakwenda kilomita nane, inazima, ikipoa inawaka. Karibu kila mara ni kondensa iliyo ndani, au vanishi ya zamani iliyolainika na kuvuja kutoka kwenye waya zilizozungushwa. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa kuzungusha upya, usiipasue mwenyewe. Kwa Bantam ya volti 6 yenye betri, betri ndogo iliyofungwa ya volti 6 inayotumika kwenye taa za dharura inatosha.

Rangi na nati

Rangi ni ya Januari na Februari, kaskazi ikiwa kavu, kazi ianze umande ukishakauka. Usipige fremu kwa mchanga wa ufukweni: unaipaka chumvi kwa nguvu, na vumbi lake linaharibu mapafu. Sugua kwa burashi ya waya na msasa, osha kwa maji moto yasiyo na munyu, kausha, sugua tena, osha tena, kisha paka praima ya epoksi ile ya boti mara mbili siku ileile. Chumvi ikibaki chini, itavuta unyevu kupitia rangi na malengelenge yatatokea hata kama rangi ni ya bei ghali. Rangi ya unga ya kuokwa ni ngumu na inapendeza, lakini ikichubuliwa na jiwe moja la matumbawe, kutu hutembea chini yake bila kuonekana. Tunapendelea rangi ya kawaida, ambayo unaweza kuigusia jioni moja.

Kwa nati na bolti za nje, chuma kisichopata kutu cha daraja la A4 linalotumika kwenye boti ni bora. A2 hupata madoa hapa. Kila inapoingia kwenye alumini ipake grisi ya shaba au ya zinki, la sivyo vyuma hivyo viwili na chumvi vitashikana kabisa. Ekseli, na bolti zinazoshika breki, zibaki za chuma cha asili chenye nguvu. Vumbi la breki za zamani lina asbesto. Lifute kwa kitambaa chenye maji, usilipulize.

Kuiwasha na kuilaza

Mwasho wa kwanza uwe wa dakika mbili, kisha ipoe kabisa na ukaze nati za hedi upya ikiwa baridi. Kwa Triumph fungua kifuniko cha tangi la oili: ndani ya dakika moja uone oili ikirudi kwa kutematema. Usipoiona, zima. Kisha dakika kumi, kisha safari fupi. Barabara ya kwenda Gede inafaa kwa kujaribu, ni tambarare na bodaboda ya kukuvuta haikosi. Silinda iliyochongwa iende nusu ya nguvu kwa kilomita 400 za mwanzo, bila kuishikilia kwenye mwendo mmoja. Injini ya mipigo minne ibadilishwe oili kwenye kilomita 150, SAE 40 au 20W-50.

Usiku, ilaze juu ya mbao, ifunikwe kwa shuka ya pamba. Turubai la plastiki hushika unyevu na kuipika. Ukitoka Casuarina au Mambrui wakati wa kusi, ndoo moja ya maji baridi kabla ya kulala, na tone la oili kwenye kebo. Kama haitatumika kwa mwezi mzima, jaza tangi hadi juu, zima bomba la mafuta na uache kabureta ikauke, na mara moja kwa wiki toa plagi, uzungushe injini polepole kwa kiki, kisha urudishe plagi.